Jiwe la Mama Alphonce

Sia, afisa ustawi wa jamii aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi, alikuwa amefundishwa kwamba wazee wakikumbushwa maisha ya zamani akili huchangamka. Basi Alhamisi yake ya kwanza akaleta kandili na pasi ya mkaa kwenye ukumbi wa mtaa wa Mwanga, wazee wanapokutana kila wiki, akawaomba waeleze vilikuwa vya kazi gani. Bibi Skolastika akauliza pasi inauzwa bei gani, maana yake ya nyumbani imevunjika mpini.

Alhamisi ya pili Sia akaja na jambo zito zaidi: foleni ya duka la ushirika, mwaka themanini na tatu. Akachora mstari wa chaki sakafuni, akapanga miche ya sabuni mezani, kila mzee akapewa jiwe. Enzi zile ukichoka kusimama uliacha jiwe likushikie nafasi, ukaenda kwenye shughuli zako.

Mzee Castory, seremala mstaafu na mgane wa mwaka wa nne, alikuja amenyoa ndevu. Miezi miwili alikuwa akikalia kiti cha pembeni ya Mama Alphonce, mjane wa Kibirizi, akitafuta namna ya kumwomba wazeeke pamoja. Leo alikuwa ameamua kusema. Lakini alipoyaona yale mawe akaahirisha.

Mama Alphonce ndiye aliyeanza kusimulia. Aliacha jiwe lake, akaenda pembeni kumnyonyesha Alphonce, aliporudi jiwe halipo na sabuni imekwisha. Nguo ya ubatizo aliifua kwa majani ya mpapai, ikatoka ya kijani, mpaka padri akauliza kama mtoto ametokea shambani. Miaka yote hiyo alikuwa akimtafuta mtu aliyeliondoa jiwe lake. Wazee walicheka hadi kukohoa. Castory alicheka kuliko wote, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

La pili lilifanywa na mguu. Sia alipopiga makofi kila mtu akaweka jiwe kwenye mstari, na la Mama Alphonce likawa mbele ya la Castory. Akili ilimwambia atulie, ila mguu nao una kumbukumbu zake. Kiatu cha kushoto kikajongea taratibu, kikalisukuma lile jiwe pembeni, mwenyewe akitazama juu kama mtu anayekagua paa.

Mama Alphonce alikitazama kiatu, kisha mwenye kiatu.

"Kumbe ni wewe."

Castory aliona aibu hadi masikio yakawaka. "Nilikuwa naoa wiki ile," alisema. "Nilitaka bibi harusi akute sabuni ndani. Nisamehe, Mama Alphonce."

Sia akaanza kueleza kwamba hisia kali ni sehemu ya zoezi, lakini hakuna aliyemsikiliza. Castory aliinama kwa shida, akalirudisha jiwe mahali pake, akaokota la kwake na kwenda nalo mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya Skolastika. Alijua hata kile kiti cha pembeni amekipoteza.

Alipofika mezani ulikuwa umebaki mche mmoja. Akauchukua, akavuka ukumbi mzima, akauweka mapajani kwa Mama Alphonce, juu ya mche wake wa leo.

Mama Alphonce akaunusa, akaugeuza upande wa pili.

"Siku ile ilikuwa sabuni na sukari kilo moja," alisema. "Sukari utaileta nyumbani. Na uje mwenyewe, usitume jiwe."