Hamsini na Nane kwa Mia

"Hamsini na nane," alisema Degife, akiikokota namba kama mtu anayesoma tanzia. "Dada yangu Wubit, na wewe ndiye uliyesoma kuliko sisi sote!"

Wubit Ayalneh hakuinua macho kutoka kwenye skrini. Aliijua namba hiyo kabla ya Degife kuijua, kwa kuwa programu iliyoitoa aliiandika yeye mwenyewe.

Aliipa jina Zare, yaani leo. Haikuwa na picha wala vitufe. Ulifungua dirisha jeusi la kompyuta, ukaandika "zare" pamoja na malengo yako ya siku, yasiyozidi matatu. Ukimaliza la pili, uliandika "zare tayari 2", nayo ikaweka alama, tarehe na saa. Mwisho wa mwezi ilikupa hesabu: kati ya yale uliyojiahidi, umetimiza mangapi kwa mia. Tarehe zilikuwa za kalenda ya nchi yao, miezi kumi na mitatu kamili, wa mwisho, Pagume, ukiwa wa siku chache tu, si zile za Kizungu ambazo kompyuta huja nazo kutoka kiwandani. Wubit aliiunda kwa matumizi yake peke yake, kwa sababu hakuyaamini mawazo yake mwenyewe kuhusu bidii yake.

Kosa lake lilikuwa kumwonyesha mtu. Weizero Abonesh, yaani Bibi Abonesh, mkurugenzi wa kampuni, aliipenda kupita kiasi. Tangu tarehe mosi ya mwezi wa Hamle kila mwandishi wa programu katika ghorofa ile ya sita pale mtaa wa Kazanchis aliamriwa kuitumia. Wiki mbili baadaye ikaja sheria ya sabini: atakayekuwa chini ya sabini kwa mia katika robo mwaka atatolewa kwenye mradi wake, apelekwe meza ya simu kuwajibu wateja.

Mradi wa Wubit ulikuwa mfumo wa kupanga magari ya baridi yanayobeba maua kutoka mashambani Holeta hadi uwanja wa ndege. Alikuwa nao kwa miaka miwili. Degife Zerga aliutaka tangu siku aliyoajiriwa, na wala hakuficha.

"Usihofu," Degife aliendelea, akiegemea meza ya Wubit bila kukaribishwa. "Maua yako nitayatunza. Ila nitafuta nusu ya ulichoandika, kinanuka chuo kikuu."

"Toa mkono wako juu ya karatasi zangu."

"Karatasi zako hadi Jumatatu saa tatu. Baada ya kikao ni zangu."

Alipoondoka, Aynalem wa meza ya jirani alivuta kiti. "Shoga, unajitakia. Fanya kama sisi. Mimi leo nimeandika lengo la kwanza: kujibu barua ya Holeta. Mistari miwili. Tayari!"

"Hilo si lengo."

"Ndilo lililonipa tisini na moja. Wewe unaandika 'kumaliza njia za magari yote'. Nani anamaliza njia za magari yote kwa siku moja?"

"Nilidhani ningemaliza."

"Haya. Kaendelee kudhani kwenye simu."

Kumbukumbu za Zare zilikuwa wazi kwa kila mfanyakazi, maana Wubit hakuona sababu ya kuzifunga. Mchana ule alifungua za Degife. Alizisoma tangu Hamle mosi, siku baada ya siku, kama anavyosoma programu yenye hitilafu: bila kutafuta kitu, akingoja kitu kijitokeze.

Kwanza zilijitokeza saa. Malengo yote matatu ya Degife yaliwekwa alama saa kumi na dakika tano alasiri. Si leo tu. Kila siku, saa kumi na dakika tano. Hilo halikuthibitisha kitu. Wapo watu wanaoandika yote kwa mkupuo kabla ya kwenda nyumbani. Kisha akafika mwisho wa mwaka, akasimama. Akarudi nyuma kuhakikisha. Akasonga mbele hadi sikukuu ya Meskel, na hapo akachukua kalamu akaandika tarehe, nne kwa jumla, kwenye kipande cha karatasi. Hakumwambia Aynalem.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe tano ya mwezi wa Tikimt, walikaa watatu katika chumba cha kikao. Weizero Abonesh alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini, na kikaoni hakuwa na desturi ya kuuliza mtu ameamkaje.

"Degife mia. Wubit hamsini na nane. Sheria mnaijua. Nani ana neno?"

"Mimi sina," alisema Degife. "Namba zimeshasema, mkubwa."

"Mimi nina tarehe nne," alisema Wubit, akaiweka karatasi mezani. "Pagume sita, Jumatatu, siku ya mwisho ya mwaka. Degife alikuwa hapa ofisini, lakini hana lengo hata moja. Kesho yake, Meskerem mosi, Mwaka Mpya, ofisi imefungwa. Degife ana malengo matatu, yote yametimia."

"Nilifanya kazi nyumbani. Bidii imekuwa kosa?"

"Meskerem kumi na sita, Jumatano. Ulikuwa mezani mpaka saa tisa ndipo ukaenda kupanda basi la Butajira. Hakuna lengo. Meskerem kumi na saba, Meskel yenyewe. Malengo matatu, saa kumi na dakika tano."

"Butajira kuna intaneti, dada yangu. Au unafikiri kwetu tunawasiliana kwa moshi?"

"Ulituletea siagi, ukasema mlichinja ng'ombe na siku nzima hukushika hata simu."

"Mtu akisimulia sikukuu unamwandikia hati ya polisi?" Degife alimgeukia mkurugenzi. "Unamwona? Kashindwa kazi, sasa anahesabu nyama nilizokula."

Abonesh alikuwa bado anaitazama karatasi. "Unataka kusema nini, Wubit? Sema kwa kifupi."

"Haandiki yeye. Ameunda programu inayoiandikia Zare. Asubuhi inaingiza malengo matatu kutoka orodha aliyoiandaa zamani, saa kumi na dakika tano inayaweka alama. Ameiambia isifanye kazi siku za sikukuu. Lakini imekosea siku moja tangu mwaka ulipogeuka. Pagume sita ilidhani ni Mwaka Mpya, ikanyamaza. Mwaka Mpya wenyewe ilidhani ni Meskerem mbili, ikafanya kazi. Na Meskel hivyo hivyo. Mtu hawezi kukosea namna hiyo. Mtu anajua leo ni sikukuu."

"Maneno matupu," alisema Degife.

"Degife," Abonesh aliuliza, bila kupandisha sauti, "Pagume ina siku ngapi?"

"Tano."

Alijibu upesi, kama mtoto darasani. Kisha uso wake ukabadilika.

"Mwaka ulioisha sita," akaongeza. "Kila mwaka wa nne ni sita. Nani asiyejua?"

"Programu yako haijui," alisema Wubit.

Abonesh alisogeza kompyuta yake hadi mbele ya Degife. "Nifungulie mashine yako hapa. Nataka kuiona hiyo orodha."

Degife hakuigusa. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona hana la kuokoa ila la kuharibu.

"Haya, ipo. Niliiandika kwa nusu saa, na sioni aibu. Kazi zangu nilifanya, muulizeni mteja yeyote. Nilichokataa ni kupigwa muhuri kila siku kama kifurushi cha posta. Mimi nimeidanganya mashine. Lakini huyu?" Alimnyooshea Wubit kidole. "Huyu kila asubuhi ameahidi mambo matatu, na kila jioni ametimiza chini ya mawili. Robo mwaka nzima! Na ahadi hizo hizo ndizo anazowapa watu wa Holeta. Nani mwongo hapo? Angalau uongo wangu haukumchelewesha mtu."

Wubit alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakujiandaa kwa hesabu iliyo sahihi. Malengo mia moja themanini na sita, yaliyotimia mia moja na nane, siku sitini na mbili. Chini ya mawili kwa siku.

"Usitazame chini," Abonesh alimwambia. "Mia yake ni ya uongo, hiyo nimeiona. Yako ni ya kweli, na ya kweli iko chini ya sabini. Huyu hataki nijue kazi inachukua siku ngapi. Wewe mwenyewe hujui. Sasa nimpe nani maua ya watu?"

Wubit alivuta ile karatasi ya tarehe nne, akaigeuza upande usioandikwa.

"Mfumo wa magari nilisema utakuwa tayari lini?"

"Siku ishirini za kazi kuanzia leo," alijibu Abonesh. "Hidar tatu. Umemwambia hivyo mteja, na mimi nimesaini."

"Ninachokiita siku ishirini, kwa kumbukumbu zangu, ni siku ishirini gawanya kwa hamsini na nane kwa mia." Aliandika, akapiga mstari chini. "Thelathini na tano. Wiki saba. Hidar ishirini na nne."

"Wiki tatu zaidi!" alisema Degife. "Na Krismasi ya Wazungu wanaonunua maua inaingia. Mkubwa, anakuchimbia kaburi mbele ya macho yako."

"Una hakika?" Abonesh alimuuliza Wubit, kana kwamba Degife hakusema kitu.

"Sina hakika na mimi. Nina hakika na siku sitini na mbili."

Abonesh aliitazama karatasi kwa muda. "Basi hiyo ndiyo namba ya kwanza ninayoweza kuitumia tangu Hamle. Mia haikuniambia kitu. Mradi unabaki kwako. Degife, meza ya simu, kuanzia leo, na hiyo programu yako uifute nikiona."

"Na sheria ya sabini?" aliuliza Wubit.

"Nitaifikiria. Usinifundishe kazi." Alisukuma simu ya mezani upande wa Wubit. "Tarehe ya Hidar tatu uliitoa wewe. Mpigie mteja wetu wa Holeta, bwana yule Ato Gebeyehu, umwambie mwenyewe. Mimi nasikiliza."

Degife alisimama, akarudisha kiti chake taratibu. "Akikutukana mpaka basi, dada yangu, muunganishe kwangu. Si ndiyo kazi yangu sasa?" Akatoka na kuuacha mlango wazi, na ghorofa nzima ikawa inachungulia.

Wubit alibonyeza namba. Ato Gebeyehu aliitika mlio wa pili, mchangamfu, akamuuliza habari za nyumbani.

"Njema, Ato Gebeyehu. Mfumo hautakuwa tayari Hidar tatu. Utakuwa tayari Hidar ishirini na nne."

Upande wa pili sauti ikapasuka, na hata Aynalem mezani kwake aliisikia: nani amekuruhusu, unajua waridi hukaa siku ngapi, wewe ni mtu wa aina gani. Wubit aliisogeza simu mbali kidogo na sikio na kungoja. Alipopata nafasi, akairudia tarehe ileile.