Ini la Inshirah

Mke wangu Inshirah tulimzika akiwa pungufu. Kipande cha ini lake kilibaki kwa Dokta Wagdi, kimegandishwa ndani ya nta kwenye kabati la maabara. Nilipokiomba nikakizike na mwenyewe, dokta aliniwekea mkono begani.

"Subiri kidogo, Haji. Kichocho kimelichora ini hili kwa namna ambayo hatujapata kuiona."

Nikasubiri. Mnyonge kazi yake ni hiyo.

Miaka ikapita. Mimi nauza maharage ya ful kwenye mkokoteni mbele ya lango lao, kwa hiyo habari zao hunifikia pamoja na mabakuli machafu. Madamu Rawya, karani wa dokta, alikuwa akinywa chai kwangu kila asubuhi.

"Ami Bayumi, makala ya dokta kuhusu ini la mkeo yananukuliwa dunia nzima. Juzi Wajapani, jana Wajerumani."

"Kunukuliwa ndiyo nini?"

"Mtaalamu mwingine akitumia maneno ya dokta, lazima amtaje jina. Wanahesabu. Anayetajwa sana ndiye anayepanda cheo. Niongezee kitunguu."

"Na Inshirah wanamtaja?"

Alitafuna kwanza. "Wameandika: mwanamke, mkulima, miaka hamsini na miwili."

"Jembe hakuwahi kulishika. Alikuwa fundi cherehani."

"Basi na hilo nalo limenukuliwa, Ami."

Akanieleza na mengine. Mgeni akitaka kujionea, dokta humkatia kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu na kumpelekea, na yule mgeni akiandika, humtaja dokta. Nikaelewa. Jina la dokta linapanda, mke wangu anapungua.

Nikamfuata ofisini. "Dokta, bado?"

"Haji, niko karibu kufanywa mkuu wa kitivo. Ukilichukua sasa utakuwa umenikata mikono. Nikishapata, njoo."

Alipata. Nikaenda. Akasema makala yanakaribia kunukuliwa mara elfu, nivumilie. Wakubwa hawakosi ngazi nyingine ya kupanda, na ngazi yenyewe huwa ni mgongo wa mtu.

Siku moja Rawya hakuagiza chochote. Alisimama tu kando ya mkokoteni.

"Nta imebaki tupu, Ami. Wamemaliza kukata. Kuna kipande kimoja, kimebandikwa kwenye kioo. Watakionyesha Jumatatu kwenye sherehe ya elfu." Kisha akasema, "Na wageni wanataka ful. Nimewaambia muuzaji ni wewe."

Jumatatu nikaingia na sufuria langu. Palikuwa na keki iliyoandikwa elfu moja kwa sukari, na meza yenye hadubini. Wageni walipanga foleni kutazama. Nikaacha upawa, nikapanga na mimi. Zamu yangu ilipofika niliinama. Niliona rangi ya waridi na vidoa vya zambarau. Nilidhani nitamjua. Sikumjua.

Nikachomoa kile kioo, nikakifunga kwenye leso safi.

Dokta Wagdi alinisogelea akitabasamu, maneno yakipita katikati ya meno. "Bayumi, rudisha. Hiyo ni mali ya chuo."

"Mali ya chuo ni hadubini. Nimeiacha."

"Unaniaibisha mbele ya watu."

"Kuna nini?" aliuliza mzee mmoja kutoka wizarani.

Kabla dokta hajafungua kinywa, Rawya akajibu, na sauti hakuipunguza: "Huyu ni mume wa mgonjwa. Amekuja kumchukua mkewe akamzike."

Wageni wakatafsiriwa maneno hayo. Mmoja mmoja wakaweka vikombe chini. Mwenye kamera akageukia upande wetu.

"Bila shaka," alisema dokta, akanishika bega palepale pa siku ile. "Tulikuwa tumepanga kumkabidhi leo."

Wanajua kusema uongo. Ndiyo maana wanaongoza. Nilipita katikati yao nikatoka, sufuria nikawaachia.

Makaburini, Shahat mchimbaji alifukua kidogo upande wa kichwani, akakitazama kile nilichokuja nacho.

"Nizike na kioo chake?"

"Na kioo chake. Wamembandika. Nikimkwangua nitampoteza."

Akazika, akashindilia udongo kwa kiganja. "Nisome Fatiha?"

"Soma. Na umtaje jina."

Akasoma. Akamtaja: Inshirah binti Metwalli.

Nikamwomba arudie.