Dari ya Mzee Elipidius

Tik.

Kitu kidogo kilidondoka juu ya mfuniko wa sufuria, kikaviringika, kikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Nilikuwa sakafuni nikimlisha Vero ndizi, nikikisia mdomo wake ulipo. Nikapapasa mfuniko, nikaokota ganda la kahawa. Lilikuwa limelowa, na lina uvuguvugu.

Nikajiambia ni panya.

Nyumba ile ya Omurushaka ilikuwa na vyumba kwenye mstari mmoja. Vingi vilijaa magunia ya wanunuzi wa mazao. Waliolala humo ni mimi na mwanangu tu, na chumba cha mwisho alikaa mwenye nyumba, Mzee Elipidius. Dari ilikuwa moja kwa nyumba nzima, haijagawanywa na ukuta, na tundu la kupandia huko lilikuwa chumbani kwake. Alishaniambia kwamba juu anaweka maharage, kwa hiyo nikisikia kitu kinatambaa nisihangaike. Sikuhangaika.

Lakini panya huguguna. Lile ganda lilikuwa limenyonywa. Huku kwetu mgeni akifika hupewa akamwani, kahawa ya kutafuna; anaivunja kwa meno, anainyonya taratibu, kisha anatema ganda. Nililishika lile ganda gizani, na juu yangu mbao zikalia kidogo, kama mtu anayehamisha uzito kutoka kiwiko kimoja kwenda kingine.

Niliendelea kumlisha mtoto. Hata niliimba, ili kama kuna anayesikiliza asijue kwamba nimejua. Alipolala nikajifunika blanketi hadi kichwani, nikampigia mume wangu, Aristides, aliyekuwa akikata miwa huko Missenyi, nikamnong'oneza kwamba nahama. Akasema nisifanye haraka, mwenye nyumba mwema hapatikani kirahisi.

Kweli alikuwa mwema. Nilipoanza masomo ya jioni, yeye ndiye aliyejitolea kukaa na Vero, akimmenyea miwa na kumfundisha kuhesabu. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa baba mji wa watu. Alijua mambo mengi kunihusu, nikadhani ni upendo wa mzazi. Siku moja aliniambia lile gauni la kijani limenipendeza, nami nilikuwa nimelijaribu nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, nikalivua. Siku nyingine alinisihi nisiwe nalia nikisali. Nilicheka, nikamwita taata, baba, nikamwambia una masikio.

Asubuhi nilisimama juu ya kitanda. Katika silingibodi, juu ya mto wangu, usawa wa pale sufuria ilipokuwa kando ya kitanda, palikuwa na tundu lenye kingo laini, kama limeguswaguswa na kidole kwa muda mrefu. Nilimbeba Vero niende naye kibandani kwa Jovitha, fundi cherehani anayenipa kazi. Mzee alikuwa mlangoni tayari. Akanyoosha mikono, mtoto akamrukia, na mimi, kwa kuogopa kuonekana nimeogopa, nikamwacha. Nikaenda kibandani peke yangu.

Jovitha aliponiona aliniuliza kama nimemeza sindano. Nikamsimulia. Alicheka kwanza, akasema wazee wajane wana vituko, atamwambia kaka yake aje azibe tundu kwa gundi ya ugali. Ili nimtetee kidogo mzee, maana bado moyo wangu ulikuwa unamtafutia sababu, nikasema labda ni upweke. Amefiwa na dada yake, Deodatha, kaburi liko kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, hata mimi kila nikimaliza kufua humtandazia nyasi mbichi.

Jovitha aliacha kukanyaga cherehani.

"Deodatha gani?"

"Dada yake. Alifia Bukoba, akaletwa kuzikwa."

"Mama Vero, Deodatha yuko Nkwenda anauza ndizi. Hili gauni ninaloshona ni lake, anakuja kulichukua."

Aliliinua tulione wote wawili. Gauni la mama mnene, lenye mabega mapana, na pini bado zimo.

Kaburi kibanjani halimshangazi mtu huku kwetu. Wafu wetu tunawalaza kati ya migomba, karibu na mlango, tunawapita tukienda kukata ndizi. Ukioneshwa tuta lenye msalaba huulizi. Unapunguza sauti, unatandaza nyasi. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya ile ardhi na kumwombea Deodatha aliye hai.

Tukatazamana, na nadhani jina lilitujia pamoja. Nyirabageni. Alikaa chumba changu kabla yangu, akichuma kahawa za watu. Mzee alisema amerudi kwao ng'ambo ya mpaka, na hakuna aliyeuliza zaidi, maana watu wa ng'ambo huja na msimu na kuondoka nao. Kitanda kilikuwa chake. Ndoo ilikuwa yake.

"Kamchukue mtoto," Jovitha alisema. "Usigombane naye. Mimi namfuata mwenyekiti."

Nilimkuta mzee kibarazani, Vero katikati ya magoti yake. Mbele yao palikuwa na kikapu kidogo cha akamwani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu, akanisogezea kikapu. Kukataa ni kumtukana mtu nyumbani kwake. Nikachukua punje, nikaitia mdomoni, nikaivunja. 

Nilisema nimekuja kumchukua Vero, ana chanjo zahanati. Hakumwachia. Alikuwa anamsuka nywele zile fupi kwa vidole vyake, polepole.

"Kwa hiyo unahama," alisema.

Sikuwa nimemwambia mtu mwingine isipokuwa Aristides, ndani ya blanketi.

"Hata yule aliyekutangulia alitaka kuhama. Nilimwambia, binti, nani atakutunza nje kama ninavyokutunza humu? Usiku kucha nakuangalia usidhurike." Akatabasamu, akamfunika Vero sikio kwa kiganja. "Watu hawana shukrani."

Nilikaa. Nilijua nikimvuta mtoto, mzee naye atamvuta, na shingo ya mwanangu ilikuwa nyembamba mno katikati ya ile mikono. Nikaomba punje nyingine. Nikamuuliza kahawa zimestawi mwaka huu, migomba imenyauka au vipi, nikazungumza kama mtu aliyekuja kushinda. Ndipo bodaboda zikaingia uani: Jovitha, Mwenyekiti Telesfori, na wanaume kadhaa wa sokoni.

Walisalimiana kwa heshima zote. Mwenyekiti alionekana kuona aibu. Aliuliza habari za kaburi. Mzee akajibu kwa utulivu kwamba ni la dada yake wa mama mwingine, na wote wawili waliitwa Deodatha. Jovitha akamwambia kwamba babu mzima hapaswi kudanganya mchana, akataka tuta lifukuliwe. Wanaume wakaguna. Mwenyekiti akanigeukia, akasema kufukua mfu kwa neno la mama mmoja ni jambo zito, pengine hizo kelele za darini ni panya kweli, pengine masomo yananichosha.

"Mwenyekiti, yaangalie magoti haya," alisema mzee, akiyapigapiga. "Nipande darini nikafanye nini? Hata kitandani napanda kwa shida."

Wakacheka. Mmoja tayari alikuwa anaiwasha pikipiki. Nikaona jinsi tutakavyobaki tena sisi watatu pale uani, na jioni inavyokuja.

Kwa kuyapigapiga magoti, mzee alikuwa amemwachia mtoto. Vero akaja kwangu akikimbia, nikambeba, nikamkaza kifuani. Lakini hakulala begani kama kawaida yake. Aligeuka akamtazama mwenyekiti, kwa uso wa mtoto anayemsahihisha mkubwa aliyekosea kuhesabu.

"Babu akiwa juu ya dari," alisema, "ananipungia kidole."