Kiti cha Mjamzito

Pale kiwandani kwetu tunapopiga pasi shuka za hoteli, kiti ni kimoja tu, nacho ni cha mjamzito. Sisi wengine tunasimama kutwa, miguu inavimba. Utaratibu huo tuliupigania wenyewe, na ole wake mwenye tumbo tupu atakayekikalia.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikitazama kiti hicho kwa miaka. Mficha uchi hazai, wenzetu walimwambia, nenda hospitali. Wakati huo alikuwa ameshavua nguo mbele ya madaktari wote wa mjini. Kaka yangu hakupimwa hata mara moja, na hakuna aliyemwuliza.

Siku alipokikalia, tulipiga vigelegele. Kila mtu akawa na lake: usiinue shuka, lala ubavu, kula hiki, acha kile. Nyumbani, mama yetu alikuwa keshampa mtoto jina.

Kisha wifi akaugua, hakuja kazini siku kadhaa. Aliporudi alisema ilikuwa homa tu, akaketi. Lakini mkono wake haukwenda tena tumboni. Mimi nimezaa, nikajua mimba imetoka. Nikajua pia kwamba kuinuka pale kungekuwa kututangazia sote. Niliumia, halafu nikatukasirikia: mtu amepoteza mtoto, na bado anatuogopa sisi.

Akaendelea kukaa, kanga ameifunga kwa kuilegeza ili tumbo lisionekane lilivyo.

Asubuhi moja yule msichana mwembamba tunayemwita Kijiti alianguka mezani, pasi ikamponyoka. Tulipompepea akakiri ana mimba changa. Macho yote yakageukia kiti. Mmoja akasema wapokezane, mwingine akasema mwenye mimba kubwa ndiye mwenye haki. Wakaanza kubishana.

Wifi akainuka. Akamshika Kijiti mkono, akamketisha.

"Kaa, mdogo wangu. Mimi yangu ilitoka."

Sisi tuliokuwa na ushauri wa kila kitu tukarudi kwenye shuka zetu. Wifi akaiokota pasi, akaijaribu kama bado inapata moto, akasimama mahali pa Kijiti. Nikaenda kumshikia ncha ya shuka.

"Wifi," akaninong'oneza, "kwa mama utanisemea?"

Nikamwambia nitamsemea. Nikaanza kulia, yeye akaendelea kupiga pasi.