Siku Haijaisha Mpaka Bi Mkubwa Aseme

Katika karakana ile ya ushonaji, saa ya ukutani ilikuwa pambo tu. Siku iliisha kwa sindano. Fundi wa dirishani alitunga uzi kwa mwanga wa nje; akishindwa, anasema "giza," na vyerehani vyote vya kukanyaga vinanyamaza. Umeme ulikuwepo, ila ulikuja kama mjomba mwenye cheo: kwa nadra, na haukai.

Dirishani alikaa Bi Mkubwa, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Mwaka huu giza lake lilianza kuwahi. Juzi alilitangaza, jua likiwa bado limekalia paa la jirani. Mafundi walicheka, wakashika njia haraka asije akabadili mawazo. Mwenye karakana, mtoto wa kaka yake, hakucheka.

"Shangazi," alimwambia leo alasiri, akiwa ameinamia meza ya kukatia, "kuanzia kesho Mrefu wa kola atakaa dirishani. Wewe pumzika nyumbani, ucheze na wajukuu."

"Wajukuu zangu wana ndevu. Nicheze nao nini, kombolela?"

"Macho yamechoka, shangazi. Kubali yaishe."

"Yamechoka macho. Mimi mwenyewe umeniuliza?"

Akarudi kitini bila kungoja jibu. Kwamba macho yalikuwa yamekwisha, alijua kuliko yeyote. Lakini alijua pia kwamba mtu akitolewa dirishani, hata akibembeleza, hupelekwa kushona vifungo tu, na kutoka kwenye vifungo njia ni moja tu, ya mlangoni. Yeye alikuwa hajaamua kutoka.

Jua likazama. Nyekundu ndiyo iliyotangulia kufa: sketi zilizokunjwa rafuni zikageuka nyeusi kama zimefiwa. Kijani ikafuata bila kuaga. Buluu ikakaza roho, ikang'ang'ania mapajani mwa mafundi, kisha nayo ikazama. Yakabaki mashati meupe tu, yakielea ukutani bila mabega.

"Bi Mkubwa, vipi huko?" aliuliza Mrefu, fundi wa kola.

"Kweupe pe."

Alikuwa amefumba macho. Aliulamba uzi, akaubana kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kikachomoza kichwa kidogo mno, halafu akaishusha sindano juu yake, tundu likitafuta uzi badala ya uzi kutafuta tundu. Ikateleza. Akarudia, ikamchoma. Akainyonya damu, akaitukania sindano mama yake, akarudia tena.

"Imepita!"

Akauchomoa uzi, akatunga upya. Imepita. Nje watu walishageuka vivuli vinavyopiga soga, na yeye anatunga.

"Mama, tunakuomba uone giza!" alilia fundi wa suruali. "Mke wangu atasema nimeoa kwingine."

"Mwambie umeoa cherehani. Kanyaga!"

"Nimeshona mfuko juu ya mfuko!"

"Mteja atashukuru. Dunia imejaa wezi."

Vicheko vikazunguka chumba ambamo hakuna aliyemwona mwenzake. Mwenye karakana akaja akipapasa, akajigonga kwenye kona ya meza.

"Shangazi, huu ni usiku!"

"Usiku wa nani? Shika hapa."

Akamkamatisha sindano. Kijana akauvuta uzi. Ukapita tunduni pasipo ubishi. Akautoa, akajaribu kuurudisha mwenyewe, akajaribu tena, akahema.

"Mrefu," alisema mwishowe, "wewe ndiye wa kesho. Sema giza, tufunge."

Vyerehani vikasita. Bi Mkubwa akampokonya kijana sindano, akatunga upya. Neno moja tu la Mrefu, na kiti kimekwenda.

"Hapana, tajiri," ilijibu sauti ya Mrefu. "Husema aliyekaa dirishani. Na aliyekaa dirishani bado anatunga."

"Hata mkono wako huuoni!"

"Siuoni. Lakini si mimi niliyekaa pale, na kesho pia sikai."

Fundi wa suruali akaanza kukanyaga tena, kwa makusudi. Mwingine akafuata, na mwingine. Mwenye karakana akasimama katikati ya ngurumo ile akisugua paja.

"Haya, shangazi. Kaa dirishani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayoshindwa kutunga."

"Sijasikia. Vyerehani vina kelele."

"Kaa dirishani mpaka ushindwe!" alipiga kelele.

"Hapo sawa, mwanangu."

Wote wakasubiri lile neno. Bi Mkubwa akauchomoa uzi, akaulamba, akaanza tena, taratibu, huku usiku umesimama nje kama mteja aliyekuja bila kitambaa.