Mukeke kwa Kisu na Uma

...na kisu hiki kisicho na makali ni cha nini tena, samaki si amekwisha kufa, amesafiri kwenye barafu kutoka Baraka mpaka Bukavu kama Adolphine mwenyewe alivyosafiri, tena pengine yeye alilala vizuri njiani, na sasa wamemweka kwenye sahani ya maua ya bluu, kichwa wametupa, kichwa chenye utamu wote, wakammwagia siagi, halafu garson mzee wa mgahawa, mwenye tai nyeusi, anainama na kusema huyu ni mukeke wa Tanganyika, Madame, kama anayemtambulisha mgeni, na Déogratias, yaya yake, kaka mkubwa, anacheka, anawaeleza wazazi wa Arlette kwamba dada yake huyu anauza mukeke sokoni Baraka, leo na yeye ahudumiwe, na wote wanacheka kwa upole, Papa Nicolas, Mama Félicité, Arlette mwenyewe anayeolewa na Déo mwezi ujao, watu wema, na huo wema ndio unaomchoma Adolphine, maana wangekuwa wabaya angejua hasira yake aitupie wapi... nyumba ya Wabelgiji hii, mbao za sakafu zimepigwa nta mpaka zinateleza, picha za meli za zamani ukutani, Wabelgiji walishaenda zao na watu bado wananong'ona kama wanaogopa kuwaamsha, batu ba heshima banakulaka hapa, Déo alimwambia kwenye simu, uvae viatu vya kufunika vidole, akavaa, vinambana, na sasa Papa Nicolas anauliza kwenu mulizaliwa wangapi, na Déo anaweka uma chini, taratibu, Adolphine anaijua ile taratibu, hadithi inakuja.

Tulikuwa watatu, anasema Déo, vita vilitukuta Swima, na sauti yake inashuka, ile sauti ya kanisani, ameisimulia hadithi hii kwenye harusi za watu, ameisimulia mwaka jana juu ya kaburi la mama, kila mwaka inaongezeka kitu, kwanza alizama mara moja kumtafuta mdogo wao, kisha mara tatu, juu ya kaburi ilikuwa alizama mpaka damu ikamtoka puani, na Adolphine alilia pamoja na wengine, alilia kwa sababu maneno yale ya kwanza ni yake, yeye ndiye aliyeyasema, asubuhi ile ukungu bado uko juu ya maji, mtumbwi umejaa magodoro na mbuzi na watu, mama ametangulia ng'ambo, Ubwari, na bibi mgonjwa, na Adolphine wa miaka kumi na mmoja anamfunga mdogo wao mgongoni kwa Déo, kwa kitenge cha mama, mafundo mawili kifuani, kwa sababu Déo ndiye anayejua kuogelea, kisha wimbi, kisha maji puani, kidumu cha njano anakikumbatia, na anamwona Déo, si mbali, kama kutoka hapa mpaka mlangoni pale, mikono ya Déo haipigi maji, mikono iko kifuani inafanya kazi, fundo la kwanza, fundo la pili... akaogelea na kidumu mpaka kwenye kitenge, akakivuta, chepesi, hakina kitu. Na mchangani Ubwari mama anawatazama, anatazama nyuma yao, anatazama tena, Déo anatetemeka meno yanagongana, hawezi kusema, basi akasema yeye, wimbi limemupokonya, mama, yaya alizama kumutafuta, kwa maana Déo alikuwa na miaka kumi na minne na mama hawezi kupoteza wawili asubuhi moja, ndivyo tu, na mama akaweka mkono juu ya kichwa cha Déo na haukutoka pale mpaka kufa kwake, Déo akapelekwa shule, Adolphine akapewa beseni la samaki, sawa, aliliinua, hakulia, lakini...

"Dada yangu ndiye alikuwa amemubeba," Déo anasema.

...amesikia vibaya, ni vijiko vya meza ile nyingine, ni hawa wanaoburuta kiti, lakini hapana, Déo anaendelea, hamtazami, anatazama kitambaa cheupe cha meza, alikuwa mutoto tu, hakujua kufunga kitenge muzuri, fundo likaachia, nikazama mara ngapi sijui, mi simulaumu, sijamulaumu hata siku moja, na Arlette ana machozi, anamtazama Déo kwa macho yale yale ya mama, na Mama Félicité ananyoosha mkono wake wenye pete juu ya meza, anaufunika mkono wa Adolphine.

"Pole mwanangu. Haikukuwa kosa yako."

Mkono una joto, mkono wa mtu mwema, na hasira iliyokuwa inachemka tangu siagi imwagwe inatulia ghafla, inakuwa baridi, anaona vizuri, kumbe miaka yote hii Déo hakumshukuru, alimwogopa, macho mawili tu duniani yaliyoiona mikono ile, na sasa mama hayupo, Déo anaoa, lazima macho hayo yawe ya mkosaji ili kesho yakisema yasisadikiwe, na yeye kwa ujinga wake alidhani ameitwa kula... yule wa miaka kumi na minne alimsamehe palepale majini, angemsamehe hata sasa, mtoto anayezama hana akili, lakini huyu wa leo hazami, yuko kwenye kiti chenye mto, amekwisha chukua uma wake, anatenga miba, na Arlette huyu atazaa, siku moja atamfunga mwanawe kwenye mgongo ule... Garson anauliza kama Madame amemaliza, mkono wa Mama Félicité bado uko pale, na Adolphine hauondoi, anatafuta tu pa kuanzia, si mtumbwi, si mafundo, vyote vitakuja kwa zamu yake, ataanza na jina, kwa kuwa katika kuzama kote kule, hapa, harusini, kaburini, Déo hajawahi hata mara moja kulitaja jina la mtoto. Bienfait. Alikuwa anaitwa Bienfait.