Matanga ya Nyota

Jirani yangu Muhonja ndiye hunishikia mwanangu Celine nikienda darasa la jioni. Siku hiyo alikataa. Alisimama mlangoni mwake, mikono kiunoni, akaniangalia kama nimemletea nyoka badala ya mtoto.

"Asubuhi ulikuwa unafua huku unahubiri," alisema. "Eti nyota imekufa, imelipuka, na vitu vyake vinapita watu mwilini. Nimesikia vibaya?"

Hakusikia vibaya. Nilikuwa najizoeza. Ilikuwa zamu yangu kuwafundisha wenzangu habari za miale ya kosmiki, zile chembe zinazotujia mbio kutoka anga za mbali, na mwalimu alikuwa ameapa kwamba asiyesimama mbele hafanyi mtihani.

"Ni kweli, lakini havina neno."

"Kwetu mtoto ambaye hajaota meno hapelekwi matangani. Sasa haya matanga yanamfuata mwenyewe! Hiyo nyota ilizikwa?"

"Nyota haizikwi, Mama Griffins."

"Ndio hiyo shida!"

Celine alinichekea kwa ufizi mtupu. Nikambusu. Ningeweza kwenda naye, lakini akianza kulia kule ningefundisha nini?

"Sikiza. Ilikufa kabla ya babu wa babu yako. Matanga yaliisha. Hizi chembe ni walevi wanaotoka matangani. Mlipuko uliwapa mbio za ajabu, lakini njiani sumaku ya angani inawapinda huku, inawapinda kule. Wakifika, huwezi kujua wametoka boma gani."

Muhonja akachungulia ndani, ambako mumewe, Wabwire, alikuwa amelala na viatu. "Wa namna hiyo nawajua."

"Sasa wengine, kabla hawajafika mbali, hugongana na gesi. Hapo hutoka miale ya gama. Hiyo sumaku haiiwezi. Inakuja moja kwa moja, ndiyo inatuonyesha boma lenye msiba."

"Mchongezi."

"Kabisa! Lakini hewa inaizuia huko juu. Na hao walevi, huku chini yanafika makombo tu, nayo yamekupitia tangu tumboni mwa mamako."

"Ndio maana magoti yananiuma?"

"Magoti ni kufua, si nyota."

Alicheka mpaka Wabwire akaamka, akauliza nani amekufa.

"Nyota! Rudi ulale, wewe ndugu yao." Kisha akanyoosha mikono, akamchukua Celine.

Darasani nilikunja karatasi yangu yenye sentensi ndefu za kujionyesha.

"Habari za jioni," nikasema. "Wangapi hapa wana mlevi nyumbani?"

Mikono ikapanda. Wa kwanza ulikuwa wa mwalimu.